Wanaume wa kijiweni hawaji jogging

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katibu wa klabu ya jogging hapa Mwanga, Kigoma. Tunakutana kila Jumamosi saa 12 asubuhi, kina mama na vijana, na kiingilio ni kununua fulana ya klabu tu. Tatizo ni wanaume wa rika la waume zetu, miaka 40 na kuendelea. Tumewatangazia kwa kipaza sauti, tumewabembeleza, wapi! Wanashinda kijiweni kwenye drafti na kahawa. Mume wangu presha imeanza kumsumbua, daktari kamwambia afanye mazoezi, yeye anajibu kwamba hajaajiriwa jeshini. Tuwafanyeje? — *Katibu, Mwanga*

JIBU: Marahaba, binti yangu. Kwanza hicho kipaza sauti kiwekeni kabatini. Baba mwenye kitambi akiitwa mbele ya mtaa mzima aje akimbie na wanafunzi wa sekondari, anachosikia ni kwamba anaitwa akachekwe. Mimi nimefundisha michezo hadi nikastaafu, na siku hizi nami nashinda kijiweni, Ujiji, na watu wa aina hiyo hiyo. Wengi si wavivu. Fundi cherehani, mwenye duka, dereva wa bodaboda, wote wanarudi nyumbani wamechoka, kwa hiyo wanaamini mazoezi wameshafanya, kumbe wamekaa kutwa nzima. Mvuvi wa Kibirizi ndiye mumwache. Kuvuta nyavu usiku kucha ni mazoezi kamili, hata Shirika la Afya Duniani linahesabu kazi ya mwili.

Halafu hiyo saa 12 mmeiga Dar es Salaam. Sisi tuko magharibi kabisa mwa nchi, jua letu linatoka karibu na saa 1. Saa 12 ni giza, na mtu mzima hataki kujikwaa mtaroni mbele ya wakwe zake. Faida yetu iko jioni, maana mwanga upo hadi kama saa 1 usiku. Wekeni baada ya sala ya alasiri, watu wakishapunguza biashara. Na mkitaka wale wa ziwani waje angalau kushangilia, tazameni mwezi: mbalamwezi ikiwa kali taa za dagaa hazifanyi kazi, nao wanakuwa nchi kavu.

Sasa kijiwe chenyewe. Mnakiona adui, mimi nakiona timu iliyokwisha kusajiliwa. Wanajuana, wanataniana, na mmoja asipoonekana siku mbili wanamtafuta. Nyinyi mnataka kumng'oa mtu mmoja mmoja kutoka humo mumlete kwa wageni. Hatakuja. Kichukueni kijiwe kizima. Kila kijiwe kina mtu ambaye akinyanyuka wengine wananyanyuka, mara nyingi bingwa wa drafti au yule mlipaji wa kahawa. Mpelekeeni mwanaume mwenzake azungumze naye wakiwa wawili tu, na asimwambie habari ya afya. Amwombe msaada: tunahitaji nahodha.

Nahodha wa nini? Wa mechi. Kijiwe chochote cha Kigoma kimegawanyika Simba na Yanga, na ubishi huo mkiuacha upotee bure mtakuwa mmetupa mali. Uingereza kuna soka la wazee la kutembea: ukikimbia, refa anapuliza filimbi, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kitambi hakimwaibishi mtu, na bado jasho linatoka. Nusu saa inatosha kwa kuanzia. Mtaona wenyewe wanavyobishana wiki nzima kuhusu faulo, na Jumamosi hakuna atakayekosa.

Hili la mpira si porojo zangu. Huko Uskoti, watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Glasgow walichukua wanaume 747 wanene, wa miaka 35 hadi 65, kupitia klabu 13 za mpira. Mafunzo ya wiki 12 yalifanyika kwenye viwanja vya klabu hizo, chini ya makocha wa klabu. Baada ya mwaka mmoja, walioanza walikuwa wamepungua karibu kilo 5 zaidi ya wenzao waliowekwa wasubiri zamu. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 2014. Kilichowavuta ni klabu yao, na kukuta wenzao wana vitambi vile vile. Sisi tunao Mashujaa na Uwanja wa Lake Tanganyika. Barua ya kuomba kocha aje hata siku moja ya ufunguzi haigharimu kitu.

Fulana iondoeni kwenye masharti. Mtu anayehesabu ada za shule hatanunua fulana kwa jambo asilolijua, na hatakwambia sababu ni hela.

Kuhusu mzee wako: usimpeleke wewe. Jirani ampitie. Ila kabla ya mechi ya kwanza ombeni muuguzi wa zahanati aje kijiweni na mashine ya presha. Hawa wasiokanyaga hospitali watagombania kupimwa, kila mmoja akitaka kujua nani kamshinda mwenzake. Atakayesoma 180 kwa 110 au zaidi asicheze, aende kwa daktari. Na anayemeza dawa asiziache eti kwa sababu ameanza mazoezi.

SWALI: Mwalimu, nina miaka 52, naendesha bodaboda Gungu. Goti linaniuma na kukimbia siwezi. Kutembea tu kunasaidia kweli? — *Mwenye goti*

JIBU: Kunasaidia, ndugu yangu, ila si kutembea kwa kuchungulia maduka. Tembea kiasi cha kuweza kuongea lakini usiweze kuimba. Kwa wiki fikisha dakika 150, na unaweza kuzigawa kumi kumi ukiwa unasubiri abiria. Siku mbili katika wiki fanya ya nguvu: nyanyuka kwenye kiti bila kushika, mara kumi, pumzika, rudia. Msuli wa paja ukikaza, goti linapumua. Likivimba au likikwama halikunjuki, hapo usijitibu kwa kuchua, nenda hospitali.