Maswali na majibu: kivumishi "articulate"

Kamusi inaniambia "articulate" ni mtu anayejieleza vizuri, kisha inaniambia ni kitu chenye viungo. Maana hizi mbili zimekutania wapi?

Zimekutania katika Kilatini. "Articulus" ni kiungo kidogo, kama pale kidole kinapojikunja, na kitenzi chake kilimaanisha kugawa kitu katika viungo, pia kutamka kwa sauti zinazopambanuka. Silabi zikiachana vizuri, msikilizaji hushika kila kipande. Zikivurugika, husikia kelele tu. Ndiyo maana mtu aliyepandwa na hasira hadi maneno hayamtoki sawasawa huitwa "inarticulate". Maana ya viungo imebaki zaidi kwa wanabiolojia: mwaka 1812 mtaalamu wa wanyama wa Kifaransa, Georges Cuvier, aliwaweka wanyama wa mwili wenye pingili, wakiwemo wadudu, katika kundi aliloliita Articulata.

Basi lori la kichwa na tela nalo ni "articulate"?

Hapana, hilo ni "articulated". Usiache ile "d".

Linatamkwaje?

Kivumishi huishia kwa sauti fupi, karibu na "-lit". Kitenzi chenye tahajia hiyohiyo huishia kwa "-leit". Mkazo uko kwenye silabi ya pili kote.

Lina tofauti gani na "fluent" na "eloquent"?

"Fluent" huongea lugha bila kukwama, hata akiwa hana hoja. "Eloquent" hugusa mioyo. "Articulate" hulipanga wazo lake likaeleweka, hata kwa maneno machache na sauti ya chini. Naomba hili lishikwe sana: sifa hii si ya Kiingereza peke yake. Anayejenga hoja zake vizuri kwa Kiswahili ni "articulate" kamili, na anayemwaga Kiingereza kisichoeleweka siye.

Nikimsifu mtu kwa neno hili, anaweza kuudhika?

Anaweza, na ana haki. Mwaka 2007 Joe Biden alilitumia kumsifu Barack Obama, akalaumiwa vikali. Wamarekani weusi wengi wamelisikia likitamkwa kwa mshangao, kana kwamba hawakutarajiwa kujieleza vizuri. Kwa maoni yangu, ni afadhali usifu hoja yenyewe: "You explained that very clearly." Msemaji atajua ulikuwa unasikiliza. Na ukitaka kulitumia hata hivyo, litumie kwa yeyote anayestahili, bila kulitanguliza "surprisingly".