Seva humtambuaje mtumiaji wa Wi-Fi?

SWALI: Kazini kwetu kila mtu huingia kwenye Wi-Fi kwa jina na nywila yake mwenyewe. Je, mtu akiweka kituo bandia cha kurushia Wi-Fi chenye jina lilelile la mtandao, seva ya uthibitishaji itakigundua?

JIBU: Si lazima, kwa kuwa kituo hicho huenda kisiwasiliane nayo kabisa. Katika mfumo wa RADIUS, unaotumiwa sana kwa kazi hii, kila kituo halali huandikishwa kwenye seva kwa anwani yake ya IP, pamoja na siri ambayo kituo na seva pekee ndio wanaoijua. Ombi linapofika, kwa kawaida kupitia mlango namba 1812 wa UDP (njia mojawapo ya kusafirisha data mtandaoni), seva hutazama limetoka wapi, na likiwa limetoka kwa kituo kisichoandikishwa hulitupa bila kujibu lolote, kimya ambacho huwasumbua sana mafundi waliokosea tarakimu moja tu ya anwani. Siri hiyo pia hutumika kulitia ombi muhuri, ambao seva huukokotoa upya ili kujua kama ujumbe umeguswa njiani.

Mtumiaji hukaguliwa kwa njia nyingine. Kituo huzuia kila kitu isipokuwa ujumbe wa uthibitishaji uitwao EAP, ambao hukipitia kwenda na kurudi baina ya simu na seva kama barua mkononi mwa tarishi. Katika aina ya EAP iitwayo PEAP, seva huonyesha kwanza cheti chake cha kidijitali, yaani kitambulisho chake, ndipo simu ithibitishe nywila ndani ya njia iliyosimbwa. Katika aina nyingine, EAP-TLS, simu nayo huonyesha cheti chake, na nywila haihitajiki. Seva ikiridhika, hukipa kituo ruhusa pamoja na ufunguo uliotokana na mazungumzo hayo, kisha simu na kituo huthibitishana kwa ujumbe nne kabla ya data kuanza kupita.

Kwa hiyo tapeli mwenye akili huiepuka seva yenu na kuweka yake. Hapo, katika uthibitishaji wenyewe, anayeweza kumgundua ni simu peke yake, na simu iliyoambiwa isikague cheti haitagundua chochote. Mwombeni msimamizi wa mtandao aweke kwenye kila kifaa jina la seva na mamlaka inayoaminiwa kutoa vyeti, badala ya kumwachia mtumiaji akubali cheti chochote kinachojitokeza.