ULIZENI TUJIBU: Mjusi wa Tendaguru, mbona kila mchoraji ana wake?

SWALI: Salaam mhariri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Lindi, tulichangishana tukamlipa fundi atuchoree ukutani yule mjusi wetu wa Tendaguru, yaani yule dinosaria mkubwa ambaye mifupa yake ilichimbwa huku kwetu. Kamchora kasimama bwawani, maji yamemfika kifuani, mkia umelala kwenye tope huko nyuma, halafu kijani kama kinyonga. Sasa mtoto mmoja wa darasa la tano kaja na simu ya kaka yake, ana picha ya mjusi huyohuyo ila yuko nchi kavu, mkia uko hewani, rangi ya udongo. Darasa zima linaniuliza ipi ya kweli na mi sina jibu. Kwani hao wachoraji wanajuaje wakati hakuna aliyemwona?

JIBU: Mwalimu, shikamoo kwanza, maana kazi ya kujibu darasa la tano si mchezo. Fundi wenu hajabuni kitu, kanakili tu, tena kanakili picha ya enzi za babu zetu. Zamani wataalamu waliona mnyama mzito vile miguu isingembeba bila maji kumpunguzia uzito, na kwa kuwa matundu ya pua kwenye fuvu yako juu kabisa wakasema aha, kumbe alikuwa anazama mwili mzima anabakiza pua tu nje, basi wachoraji wakashika hapohapo miaka na miaka. Mwaka 1951 Mwingereza mmoja, Kermack, akauliza swali la kawaida tu: mapafu yakiwa mita kadhaa chini ya maji, kifua kitatanukaje? Maji yanakibana, hewa haiingii hata kama pua iko nje. Hapo bwawa likaanza kukauka, ingawa kwenye vitabu vya watoto lilibaki muda mrefu tu.

Na mkia hivyohivyo. Zipo nyayo za dinosaria zilizogeuka mawe nchi nyingi, unaona mguu, mguu, mguu, lakini alama ya mkia uliokuwa unaburuzwa ni nadra sana kuiona. Hata huyo wa kwetu mwenyewe mambo yalimbadilikia. Mifupa ilichimbwa Tendaguru na Wajerumani 1909 hadi 1913, nasema Wajerumani lakini waliochimba na kuibeba kichwani mpaka bandarini Lindi ni watu wa huko kwenu, ikapelekwa Berlin na mwaka 1937 ikasimamishwa, miguu ya mbele imepinda viwiko, mkia chini. Mwaka 2007 wakamsimamisha upya, miguu imenyooka, mkia juu, urefu kwenda juu mita 13.27. Mifupa ni ileile, mnyama mwingine kabisa! Kwa hiyo picha ya kwenye simu ndo iko karibu zaidi na wanavyoamini leo.

Wanajuaje? Wanaanza na mifupa, wanaangalia makovu pale misuli iliposhika, wanalinganisha na ndugu waliobaki ambao ni ndege na mamba, yanayobaki ni kukisia, na kukisia kunaumbua. Kuna dinosaria mwingine, Iguanodon. Mwaka 1854 London walijenga masanamu makubwa ya saruji, mchongaji Hawkins akishauriwa na mtaalamu Richard Owen, wakamfanya Iguanodon kama kifaru mnene mwenye pembe puani. Mwaka 1878 wachimba makaa wa Bernissart kule Ubelgiji wakakuta mifupa ya Iguanodon wengi wakiwa karibu wazima, kumbe ile pembe ni kidole gumba! Masanamu bado yapo kwenye bustani hadi leo na pembe zao puani, mi nafurahi hawakuyabomoa. Hata kwenu Tendaguru kuna Kentrosaurus, yule dinosaria wa miiba, mwiba wake mmoja ulichorwa kiunoni miaka mingi, siku hizi wengi wanauweka begani.

Kuna na jina lenyewe, mi naona ndo limetuponza zaidi. Owen alipobuni neno dinosaria 1842 alikusudia mjusi wa kutisha, nasi tukaita mjusi, basi mtu akishika brashi anamwaza mjusi kafiri wa ukutani, miguu imetanuka pembeni na tumbo chini. Dinosaria miguu yake iko chini ya mwili imenyooka kama ya ng'ombe. Mwambie fundi amuwaze twiga na tembo, sio mjusi.

Kama rangi haijaisha mrudishe arekebishe: maji ayafute, mkia aupandishe, na miguu ya mbele asiweke kucha nyingi kama za tembo, huyu alikuwa na ukucha mmoja tu wa gumba. Halafu aondoe nyasi, na kama kaweka minazi ndo kabisa, miaka milioni 150 iliyopita nyasi hazikuwepo wala minazi, aweke misonobari na kangaga.

SWALI: Mi nachora tingatinga Dar. Hizo rangi mnazozisema zinatoka wapi, si mnabuni tu?

JIBU: Nyingi ni ubunifu ndiyo, ila sio zote. Mwaka 1996 China, mkoa wa Liaoning, alitangazwa dinosaria mdogo Sinosauropteryx mwenye manyoya laini mwilini kama kifaranga, na 2010 wataalamu wakakuta ndani ya manyoya hayo vipunje vya rangi ambavyo umbo lake linalingana na vya ndege wa leo, wakasema mkia wake ulikuwa na pete za rangi ya kutu na nyeupe. Kwa huyo ukipaka bluu umekosea. Kwa mjusi wa Tendaguru hakuna ushahidi wa rangi, madoadoa yako ya tingatinga hayana wa kuyapinga. Kitu kingine, usimchore mifupa iliyovishwa ngozi tu. Chukua fuvu la tembo uchore bila kujua tembo, mkonga utautoa wapi wakati hauna mfupa? Kule Kanada alipatikana dinosaria Edmontosaurus ana upanga wa nyama kichwani kama jogoo, na fuvu lake halionyeshi chochote. Kwa hiyo ongeza nyama bwana, mafuta, shingo nene.

SWALI: Mbona kwenye katuni watu wa mapangoni wanawapanda dinosaria? (Mombasa)

JIBU: Kwa sababu inachekesha. Wale wakubwa waliisha miaka milioni 66 iliyopita, watu hata hawajawazwa. Dinosaria uliyewahi kukutana naye wewe ni kuku, maana ndege ni uzao wao.