"Sorry", "regret" na "condolences": lipi la msiba, lipi la kosa?

SWALI: Ndugu mtafsiri, mimi ni katibu muhtasi katika taasisi moja mjini Morogoro, na sehemu ya kazi yangu ni kuandaa barua za Kiingereza kwa wabia wetu wa nje. Hivi karibuni mbia mmoja alifiwa na mama yake, nami nikaandika "We regret the death of your mother". Mkurugenzi aliirudisha barua akisema inasomeka kama taarifa kwa vyombo vya habari. Kamusi yangu inafasiri sorry, regret, sorrow na grief kwa maneno yale yale, huzuni na masikitiko. Naomba kujua zinatofautiana wapi hasa, na kwa nini serikali ya Uingereza inapozungumzia maovu ya ukoloni husema regret na si apologise.

JIBU: Ndugu msomaji, mkurugenzi wako yuko sahihi, na maswali yako mawili yana jibu moja. Kamusi ndogo hukufanya uamini kwamba maneno haya yanapishana kwa kina cha huzuni tu, ilhali jambo analolisikia kwanza mwenye lugha hiyo ni mahali aliposimama msemaji mbele ya tukio: je, yeye ndiye aliyelitenda, au ni mtu anayemfariji aliyepatwa, au ni mtoa taarifa aliye kando? Sisi tunalimaliza jambo hili mapema, kwa kuwa aliyefikwa na jambo tunampa pole na tuliyemkosea tunamwomba radhi, wala hakuna anayechanganya. Kiingereza kimeyatia yote mawili ndani ya sorry, kwa hiyo maana hutafutwa katika maneno yanayofuata.

Ukiandika "I am sorry to hear that you are unwell", hiyo ni pole, kwa sababu umesema wazi kwamba habari umeisikia tu. "I am sorry for your loss" nayo ni pole, kwani neno your linauweka msiba upande wa mfiwa. Lakini "I am sorry I did not reply" ni kuomba radhi, maana mtenda ni mimi mwenyewe. Neno hilo likisimama peke yake, hali ndiyo huamua. Mtu akijikwaa barabarani Nairobi au Dar es Salaam, tunamwambia sorry tukimaanisha pole, naye huelewa. Mgeni asiyezoea Kiingereza cha kwetu huenda akajibu kwa mshangao kwamba wewe hukumfanyia lolote.

Apologise halina utata huo, kwa kuwa anayelitumia anajitaja kuwa mkosaji, au anasema kwa niaba ya mkosaji. Ndiyo maana haliwezi kutumika katika rambirambi, isipokuwa kama taasisi yenu ndiyo iliyosababisha kifo hicho.

Regret ndilo linalohitaji uangalifu mkubwa, na hapa nitakaa kidogo. Likifuatwa na kitendo cha msemaji mwenyewe, kama "I regret signing that contract", maana yake ni kujuta, ingawa mtu anaweza kujutia hasara aliyoipata bila kuona kwamba alitenda dhambi; majuto ya dhamiri, yale ambayo hakimu huyaangalia kabla ya kutoa adhabu, huitwa remorse. Likifuatwa na to inform au to announce, linakuwa desturi ya ofisi ya kutangulizia habari mbaya, kama katika barua za kumnyima mtu kazi au katika tanzia. Na likifuatwa na that pamoja na tukio, linaeleza masikitiko bila kusema nani alifanya nini.

Tazama taarifa ambayo William Hague, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, aliisoma bungeni tarehe 6 Juni 2013 kuhusu Wakenya walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau. Alisema kwamba serikali "sincerely regrets that these abuses took place". Ichambue kisarufi: serikali ndiyo inayosikitika, lakini katika sehemu ya pili watesaji hawamo, kwani mateso yamefanywa kuwa kiima na kitenzi kilichotumika ni "yalitokea". Katika taarifa hiyo hiyo Hague alikiri kwamba Wakenya waliteswa mikononi mwa utawala wa kikoloni, akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwamo, kwa wadai 5,228, na bado akasema serikali inaendelea kukataa kwamba inawajibika kisheria. Kwa msimamo huo apologise lingekuwa mzigo, na regret liliubeba barabara. Miaka kumi baadaye, tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles alisema jijini Nairobi kwamba maovu yaliyopita ni chanzo cha "the greatest sorrow and the deepest regret". Hakuna shaka kwamba ni maneno mazito, lakini uzito wa vivumishi haugeuzi aina ya nomino: masikitiko yakizidishwa mara mia hubaki masikitiko. Kwa maoni yangu, mtafsiri anayeyaandika maneno hayo kwa Kiswahili kuwa "ameomba radhi" anawapa wasomaji kitu ambacho msemaji hakukitoa, na kwa wazee waliokingoja kwa miaka mingi hilo si kosa dogo.

Australia inaonyesha tofauti hiyo waziwazi zaidi. Mwaka 1999 Bunge, chini ya Waziri Mkuu John Howard, lilipitisha azimio lenye "deep and sincere regret" kwa dhuluma walizotendewa wenyeji wa asili. Wengi wao hawakuridhika, na tarehe 13 Februari 2008 Kevin Rudd, Waziri Mkuu aliyemfuata Howard, alisimama bungeni akasema "We apologise for the laws and policies" za mabunge na serikali zilizotangulia, kisha akarudia mara kadhaa "we say sorry". Safari hii mkosaji ametajwa, na kosa lenyewe pia limetajwa, yaani sheria na sera.

Hofu ya mahakama ni sehemu ya sababu ya serikali kulikwepa apologise, kwa kuwa mawakili huogopa radhi isije ikasomwa kama kukiri kosa. Hata hivyo, kwa England na Wales, kifungu cha 2 cha sheria ya fidia ya mwaka 2006 kinasema kwamba kuomba radhi pekee hakuhesabiki kuwa kukubali uzembe.

Maneno yaliyobaki ni mepesi. Grief ni uchungu wa ndani wa aliyepoteza, na mourning ni maombolezo yanayoonekana kwa nje, kama mavazi, matanga na bendera nusu mlingoti. Bereavement ni hali yenyewe ya kufiwa. Sorrow ni huzuni ya sababu yoyote, na lina ladha ya maandishi ya fasihi au ya hotuba. Sympathy hufaa kwa ugonjwa, ajali na msiba pia, lakini condolences ni la kifo. Mtu aliyeibiwa au aliyelazwa hospitali hapewi.

Barua yako, basi, ingesomeka hivi: "Please accept our sincere condolences on the death of your mother. We are very sorry for your loss." Angalia kwamba condolences limekaa katika wingi na limefuatwa na on. Demise, tunalolipenda sana katika barua za huku kwetu, liache, kwa kuwa Waingereza wa leo hulitumia mara nyingi kwa kuanguka kwa kampuni au utawala. Death si ukali, na ukiona linakuwia zito, andika passing.

Siku utakapoandika barua ya kuchelewesha ripoti, usianze na "Regrettably, the report was delayed", maana hapo umesema tu kwamba jambo la kusikitisha limetokea. Andika "We apologise for sending the report late", kisha sentensi inayofuata itaje siku ambayo mbia ataipata.