Kwa nini risasi ya mbali ilizama zaidi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi na wenzangu wa klabu ya shabaha tulijaza mchanga mkavu masandukuni, tukayapiga kwa bunduki ya 7.62 x 51 (risasi ya kipenyo cha milimita 7.62 na ganda la urefu wa milimita 51), kwanza kutoka mita 15, kisha mita 200. Tulitegemea ya karibu izame zaidi, kumbe ya mbali ndiyo iliyokwenda ndani. Je, tulipima vibaya?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hamkupima vibaya, na nimefurahi kwamba hamkukifuta daftarini kitu ambacho hamkukitarajia.

Risasi hiyo hutoka mdomoni mwa bunduki kwa kasi ya karibu mita 840 kwa sekunde. Ikifika mita 200 imebaki na 700 hivi. Nishati hufuata kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo karibu asilimia 30 imeshaliwa na hewa. Kwa hesabu hiyo peke yake, ya karibu ingeshinda. Lakini hesabu hiyo ni ya risasi iliyobaki nzima na kutangulia kwa ncha, na mchanga hauiachi hivyo.

Mchanga mkavu ukipigwa kwa kasi kubwa mno, gamba la shaba huchanika, kiini laini hutawanyika, na safari inaishia hapo. Tena, risasi iliyotoka sasa hivi haijatulia. Ncha yake huyumba kidogo, kama pia ya kuchezea iliyoachiwa punde, mpaka mzunguko iliopewa na mifereji ya mtutu uitulize. Nao ni zaidi ya mizunguko 2,500 kwa sekunde. Ikigonga bado inayumba, hulala ubavu mapema. Ya mita 200 ilifika imepungua mwendo na imetulia, ikaingia kwa ncha.

Msiniamini bure. Chekecheni mchanga wa kila sanduku, okoteni vipande vyote, mvipime kwenye mizani. Hapo mtajua ni risasi nzima iliyosimama au ni mabaki yake. Unyevu nao uwe mmoja, na nyuma ya masanduku kuwe na tuta nene la udongo, hata kama hakuna risasi iliyowahi kutokeza.

Kwa wawindaji wanaosoma hapa: msipeleke majibu ya mchanga kwenye mnyama. Kinachotumika kuiga nyama ni jelatini ya asilimia 10 iliyopozwa hadi nyuzi 4 za Selsiasi. Kabla ya jaribio hupigwa kipira cha chuma cha milimita 4.5 kwa mita 180 hivi kwa sekunde. Kikizama karibu sentimita 8.5, jelatini iko sawa.

Wapo wanaopunguza baruti ili kuiga umbali bila kusogeza sanduku. Siupendi ujanja huo kwa jaribio lenu. Kasi inashuka, sawa, lakini mzunguko nao unashuka, wakati risasi iliyosafiri kweli mita 200 bado inazunguka karibu kama ilivyotoka. Tembeeni hizo mita.