Sindano ya kinga ya VVU: majibu kwa wanawake waliotuandikia

Maswali ya safari hii ni ya wanawake wasio na VVU wanaotaka kubaki hivyo. Wanauliza kuhusu sindano mbili: kabotegravir, ambayo huchomwa kila baada ya miezi 2, na lenakapavir, ambayo huchomwa kila baada ya miezi 6.

Natumia vidonge vya PrEP, vya kujikinga na VVU, lakini nasahau sana, na siku nyingine nashindwa kumeza kwa sababu kuna watu. Sindano ina nafuu yoyote?

Ina nafuu kubwa. Kabotegravir ilijaribiwa kwa wanawake 3,224 katika nchi 7 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Nusu walipewa sindano yenye dawa halisi na nusu vidonge vyenye dawa halisi. Waliopata maambukizi upande wa sindano walikuwa 4, upande wa vidonge 36. Lenakapavir nayo ilijaribiwa Afrika Kusini na Uganda kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25, na kati ya zaidi ya 2,100 waliochomwa hakuna hata mmoja aliyeambukizwa.

Vidonge si dawa dhaifu. Anayevimeza kila siku analindwa vizuri. Shida ni kile kikopo kinacholia ndani ya mkoba, na mama mkwe anayekiona na kuamini ni dawa za kufubaza virusi. Wengi hulala bila kumeza kwa sababu hiyo, wala si uzembe.

Inauma? Inachomwa wapi?

Kabotegravir huchomwa kwenye msuli wa tako. Ni dawa nyeupe kama maziwa, mililita 3, wakati Depo ya msuli, ile sindano ya uzazi wa mpango, ni mililita 1 tu, kwa hiyo utaihisi. Muuguzi anatakiwa aitikise chupa kwa nguvu angalau sekunde 10, kisha aisukume dawa taratibu. Legeza mguu wa upande unaochomwa, na usipasugue baada ya kuchomwa. Maumivu huisha ndani ya siku chache, na sindano za mbele huwa na afadhali kuliko ya kwanza.

Lenakapavir huchomwa chini ya ngozi ya tumbo, angalau sentimita 5 kutoka kitovuni, au ya paja. Ni sindano mbili za mililita 1.5 kwa siku moja. Pale pa sindano wengi hubaki na kinundu kigumu unachoweza kukigusa kwa kidole. Hiyo ndiyo dawa yenyewe, inatoka kidogo kidogo, na kinundu hupungua chenyewe polepole. Usikikamue wala kukikanda kwa maji ya moto.

Sitaki mume wangu ajue. Inawezekana?

Ndiyo, na hakuna anayepaswa kukulaumu. Ila panga siri yako vizuri tangu siku ya kwanza, kwa maana siri haivuji kwenye sindano, inavuja kwenye vitu vinavyoizunguka. Omba kadi yako ibaki kituoni. Waambie wasikutumie ujumbe wa kukumbusha wenye neno VVU au PrEP, na kama simu mnashikiana, wasitume kabisa; weka tarehe kichwani kwa kuifunga na jambo lingine, kwa mfano kliniki ya mtoto. Kama mumeo ana kawaida ya kukushika tumbo, ukiwa na lenakapavir chagua paja. Na kama unaogopa kupigwa akigundua, mwambie mhudumu mkiwa wawili tu, kabla ya kuchomwa, ili mpange pamoja.

Nachoma Depo. Zitagongana? Na nitazaa tena?

Hazigongani, si na Depo wala vijiti vya uzazi wa mpango. Sindano hizi hazina homoni na hazifungi kizazi. Katika utafiti wa lenakapavir walioshika mimba waliruhusiwa kuendelea, na mimba zilikuwa zaidi ya 500 ukijumlisha waliochomwa na waliomeza vidonge. Lakini kumbuka hazizuii mimba, kaswende wala kisonono. Kondomu bado ina kazi yake.

Nikikosa tarehe je? Na nikitaka kuacha?

Hapa ndipo tunapowaomba msome mara mbili. Kabotegravir ya pili huchomwa mwezi 1 baada ya ya kwanza, kisha kila miezi 2, ukiwa na nafasi ya siku 7 kabla au baada ya tarehe. Lenakapavir ni kila wiki 26, nafasi yake wiki 2. Siku ya kuanza lenakapavir unameza pia vidonge 2, na kesho yake 2 tena nyumbani. Hivi vya kesho ndivyo vinavyosahaulika. Sindano hupanda polepole mwilini, vidonge ndivyo vinavyoziba pengo la mwanzo, basi ukikumbuka umechelewa, vimeze hapo hapo.

Ukiacha, dawa haiishi siku moja. Kabotegravir yaweza kubaki mwilini mwaka mzima au zaidi, kwa kiwango kidogo kisichokinga. Ukiambukizwa wakati huo, virusi hukutana na dawa pungufu na kujifunza kuishinda, na kabotegravir ni ndugu wa dolutegravir, dawa ambayo ndiyo tegemeo la matibabu ya VVU kwetu. Kwa hiyo kama bado uko hatarini, anza vidonge vya PrEP tarehe ile ile ambayo ungechomwa. Ndiyo sababu pia unapimwa VVU kabla ya kila sindano. Usikubali kuchomwa bila kipimo.

Niko kwenye dozi ya TB.

Mwambie mhudumu kabla hajafungua chupa. Rifampisini, moja ya dawa za TB, hushusha dawa zote mbili mwilini. Kabotegravir haitumiki nayo kabisa. Lenakapavir huhitaji dozi za nyongeza. Na kama una homa ya ini aina ya B, usiache vidonge vya PrEP kuhamia sindano bila daktari, kwa sababu vidonge hivyo vinatuliza pia kirusi cha ini, na ukiviacha ghafla ini linaweza kuwaka upya.