Kwenu mnaoanza kufundisha Fizikia mtandaoni muhula huu

Nimepitia kurasa za kozi mlizotengeneza, na niwasifu kwanza: mihadhara imepangwa vizuri, michoro inaeleweka, hata sauti inasikika. Halafu nikashuka kwenye tarehe. Mmoja wenu amefungua wiki zote kwa mpigo, kazi zote zinadaiwa mwisho wa Novemba, na pembeni ameandika kwamba kila mwanafunzi asome kwa mwendo wake. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, maana sentensi hiyo niliwahi kuiandika mimi, karibu neno kwa neno.

Basi kaeni tuzungumze, wadogo zangu. Kozi yenyewe mnaijua, Moodle, ule mfumo tunaowekea kozi mtandaoni, mnaijua kuliko mimi. Haya ni yale ambayo Moodle haiwaambii.

1. Kila wiki iwe na tarehe yake.

Ilikuwa enzi za korona. Vyuo vyetu hapa Uganda vilikuwa vimefungwa tangu Machi 2020, wanafunzi wametawanyika kila pembe, na sisi tunajifunza kufundisha tukitazama skrini. Niliona huruma. Nikajisemea: huyu yuko Kotido anazunguka na simu kutafuta mtandao, yule anauza duka la mjomba wake Busia, ya nini kuwabana? Nikafungua kila kitu, kuanzia vekta mpaka mawimbi, nikaweka tarehe moja tu mwishoni, nikalala nikijiona mwalimu mwenye utu.

Mwanzoni kulikuwa kutamu. Kundi la WhatsApp lilichangamka, asante mwalimu, Mungu akubariki mwalimu. Kisha kukawa kimya. Mimi kimya kile nilikitafsiri kwamba watu wanasoma. Moodle ilikuwa na ripoti inayoonyesha nani kaingia lini na kafungua nini, na sikuwahi kuibofya. Ningeibofya ya nini, na watu wanasoma?

Siku chache kabla ya kufunga, binti mmoja wa Busia akanipigia. Alikuwa katika wale ambao swali lao linakurudisha kitabuni. Akaniambia kwa adabu zote, "Mwalimu, samahani kukusumbua. Mpira ukirushwa juu, ukifika kileleni, mchapuko wake unakuwa sifuri?" Hilo ni swali la wiki ya pili. Kwa kalenda yangu tulikuwa kwenye mawimbi. Nikamuuliza amefika wapi. Akasema amefika hapo hapo. Video zote anazo, alizipakua kwa bando la usiku, zimejaza simu mpaka kamera inagoma kupiga picha. Kila jioni akifunga duka hujiambia bado kuna muda. Na kweli muda ulikuwapo, mimi ndiye niliyempa.

Usiku ule ndipo nikafungua ripoti. Sehemu kubwa ya darasa ilikuwa imekwama pale pale, kwenye sheria za Newton, tangu mwezi wa kwanza wa muhula. Ukaja usiku wa mwisho. Wote wakaingia kwa pamoja, sava ikalemewa, umeme ukakatika upande wetu, na waliofanikiwa kupakia walipakia kazi moja: gari kwenye mteremko, sine na kosine zimebadilishana mahali, kosa lile lile karatasi baada ya karatasi. Wengine hawakufuta hata jina la aliyeandika kwanza.

Nikaandika ujumbe mkali kundini kuhusu uvivu. Kisha nikaufuta, lakini wengi walikuwa wameshausoma.

Yule binti hakunakili. Alituma kidogo alichofanya kwa mkono wake, akarudia kozi. Kati ya walionakili wapo niliowakamata, na wapo waliopita. Nilimpigia kumwambia matokeo kabla hayajabandikwa, nikijiandaa kulaumiwa. Akasema, "Hapana mwalimu, ni mimi niliyechelewa." Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo: fungueni wiki moja moja. Kazi iwe ndogo, iwe na alama hata mbili tu, idaiwe kila Jumapili. Huruma zenu ziwekeni kwingine, mfano mfutieni kila mmoja kazi zake mbili zenye alama za chini kabisa bila kumuuliza sababu. Mkifanya hivyo hamtasikia tena habari za shangazi aliyefariki mara mbili muhula mmoja.

2. Mwisho wa kupokea kazi uwe saa kumi na mbili jioni. Saa sita ya usiku mlioizoea haina faida: anayechaji simu sokoni ameshafungiwa, na wewe utakayeulizwa kwa nini faili haipandi umelala.

3. Video zisizidi dakika saba au nane, ubora wa chini, na notisi za PDF pembeni. Tangu Julai 2021 bando la intaneti lina ushuru wa asilimia 12, na kuna mwanafunzi anayechagua kati ya muhadhara wako wa saa moja na nusu na chakula chake cha mchana. Mimi ningekula. Vielelezo vya PhET, yale majaribio ya Fizikia ya kwenye skrini ya Chuo Kikuu cha Colorado, vingi hupakuliwa mara moja na kufanya kazi bila intaneti, kwa hiyo mmoja apakue, wengine warushiane kwa Bluetooth. Na mwaka wa uchaguzi tazameni kalenda ya taifa kabla ya kalenda ya chuo. Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima, na jaribio lililopangwa wiki kama ile halifanyiki hata ukiomba dua.

4. Maabara ya nyumbani mnaiogopa bure. Kamba, jiwe, msumari ukutani na saa ya simu, una pendulamu. Tatizo ni kunakiliana, na dawa yake ni hii: urefu wa kamba uwe sentimita 40 ukijumlisha tarakimu mbili za mwisho za namba ya usajili. Aliyeishia na 07 anatumia sentimita 47, aliyeishia na 60 anatumia mita moja kamili. Wapime muda wa mizunguko ishirini ya kwenda na kurudi, wagawanye kwa ishirini, watafute g, yaani mchapuko wa kitu kinachoangushwa. Grafu ichorwe kwa mkono, ipigwe picha ikiwa na namba ya usajili pembeni.

Sasa utamu uko kwenye kusahihisha. Sisi tuko kwenye ikweta, na g yetu hapa ni karibu 9.78. Ile 9.81 ya vitabuni ni ya huko mbali kaskazini. Mwenye kamba ya kiatu na jiwe la barabarani atapata 9.5, atapata 10.1, na atakuja kujitetea kwa aibu kwamba jiwe lilikuwa linapindapinda. Huyo mpeni alama zake na mmuulize kwa nini lilipinda. Aliyeleta 9.81 kamili bila mkwaruzo, mpigieni simu, mumwombe awaonyeshe msumari. Kuna kijana mmoja niliyemwomba hivyo, akaniambia msumari umeng'oka. Nikamwambia nasubiri, akaugongee tena. Alirudi baadaye na 9.6, picha ya ukuta uliobomoka plasta, na malalamiko ya mwenye nyumba.

5. Maswali ya mjadala yawe ya kubishania. Ukiandika "eleza sheria ya kwanza ya Newton" utaletewa kitabu kilichonakiliwa. Mimi niliwauliza kuhusu wale jamaa wa Kayabwe, barabara ya Masaka, wanaowaonyesha watalii maji yakizunguka kushoto upande mmoja wa ikweta na kulia upande wa pili. Je, ni mzunguko wa dunia au ni mkono wa mmiminaji? Jukwaa lilifurika. Mmoja alikuwa na ndugu anayepata riziki pale na alitishia kuacha kozi. Lakini ni mkono wa mmiminaji. Nguvu ya Coriolis, ile inayotokana na mzunguko wa dunia, kwenye beseni dogo vile, hatua chache tu kutoka kwenye ikweta, ni ndogo mno kuyaamulia maji upande. Walifika hapo wenyewe, kwa mahesabu ambayo sikuwaagiza. Yule mwenye ndugu ndiye aliyeandika mahesabu safi kuliko wote, na chini yake akaongeza kwamba tusimpelekee mtu wa Kayabwe.

6. Pigeni simu. Hili ndilo mnalolikwepa kuliko yote, najua, maana ujumbe wa kundini ni rahisi na hauna nauli. Jumatatu asubuhi fungueni ripoti, tazameni nani hakuleta kazi ya jana, mpigieni siku hiyo hiyo. Msingoje akose mara ya pili, kwa sababu akikosa mara ya pili anaanza kuwaonea haya, na mwenye haya hapokei simu. Msianze na masuala ya alama. Ulizeni simu yake ni nzima, bando lipo, nyumbani hawajambo, halafu ndipo muulize swali la tatu lilimshinda wapi. Mara nyingi simu itapokelewa na mama au kaka. Koboko, Arua, Busia, kambi za wakimbizi, Kiswahili kitawafikisha, na mama akishajua kwamba chuo kinamtafuta mwanawe kwa jina, kazi ya Jumapili inayofuata italetwa Ijumaa.

Pesa za muda wa maongezi idara haitoi. Mimi huziomba kila kikao cha mwanzo wa muhula, huambiwa hakuna fungu hilo, katibu huandika kwenye kumbukumbu, tunaendelea na ajenda inayofuata. Muhula huu tuko wengi, tuziombe pamoja.